Mkanda Umeungua

Nimeipata, ndugu yangu. Nimeipata mnadani Katesh, juu ya turubai la yule kijana anayeuza rimoti zisizo na televisheni, chaja zilizokatika na redio zilizofumuliwa. Ilikuwa imelala kati ya pasi na kikokotoo, imejaa vumbi la ng'ombe. Kamera ndogo ya mkanda, ya kijivu, yenye kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba na mstari mwekundu chini ya jicho lake. Nilichuchumaa palepale, gauni likaburuza kwenye kinyesi cha mbuzi, wala sikujali.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Hiyo mbovu, nisikudanganye. Labda watoto wachezee."

"Marahaba. Nani kakuambia nataka ya kupigia picha?"

Akacheka, maana ananijua. Mji mzima unanijua: yule mama wa steshenari anayenunua kamera zilizokufa. Mchana natoa fotokopi na kupiga picha za paspoti, na nyuma ya duka kuna kabati ambalo halifungi vizuri tena kwa sababu ya hizo kamera. Nyingine nimezitoa mnada wa Endasak, nyingine mnada wa Daudi, nyingine Mbulu mjini, nyingine zimetoka ndani ya mikoba ya mtumba ambayo mwenyewe huko Ulaya alisahau kuikagua. Mume wangu husema hayo makopo siku moja yatatudai chumba. Wateja huniambia, "Mama, wewe unapenda sana vitu vya zamani." Huwa naitikia tu, kazi iendelee.

Lakini wewe nikwambie ukweli. Sizipendi. Sijawahi kuipenda hata moja. Nilikuwa naitafuta hii ya mstari mwekundu, kama mtu anavyomtafuta shahidi aliyekimbia kesi. Na sasa kwa kuwa nimeipata, kaa nikusimulie, halafu uniambie kama hasira yangu ni bure.

Nimekulia Nambis, kule Mbulu, kwa bibi mzaa baba. Baridi ya kule haikuulizi umevaa nini. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani, na sisi tulilala nyumba moja na ndama, kwa hiyo kitu cha kwanza puani kilikuwa harufu ya ndama, cha pili moshi, cha tatu vitunguu saumu vilivyoning'inizwa juu ya jiko. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa ndama, kuzoa samadi na kuipeleka shambani kwa kikapu kabla ya shule. Nikirudi namkuta bibi anatikisa kibuyu cha maziwa, chaka, chaka, chaka, huku akinisema kwamba nimezoa nusu. Ugali wa mtama wa jana, maziwa mgando yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, basi. Leo watu wananunua mtindi wa pakiti wanauita maziwa. Haya.

Babu alikuwa mrefu, mtu wa ugoro na kikohozi. Kikohozi chake kilikuwa saa yetu. Kikianza kule zizini tulijua kumekucha. Ng'ombe aliwaita kwa majina, sisi wajukuu alituita "nyie". Yeye na bibi walikuwa wanaongea kwa mbali, huyu mlangoni, huyu jikoni, kama desturi ya wazee wa wakati ule ilivyotaka. Sijawahi kuwaona wameketi pamoja.

Jirani yetu alikuwa mwalimu kutoka upande wa Kilimanjaro, aliyeletwa na serikali kufundisha kwetu. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya mama yake, marehemu, ndani ya fremu. Watoto wake walizaliwa bibi yao ameshakufa, lakini kila asubuhi wakipita pale walisema, "Shikamoo bibi." Bibi yangu alikwenda siku moja kuomba chumvi akaiona ile picha, akarudi bila chumvi. Jioni akasema, "Wale watoto wanajua pua zao wamezitoa wapi."

Kuanzia siku hiyo hatukupumua. Bibi alitaka picha ya mume wake. Babu akakataa. "Mimi si ng'ombe wa mnada nitazamwe na watu," alisema. Bibi hakubishana, alianza tu kuchelewesha chakula. Halafu akaanza kuuliza kwa sauti, akiwa anachambua mboga, ni mjukuu gani atakayemkumbuka mtu aliyekataa kukumbukwa. Shangazi, yaani shangazi yake baba, mdogo wake babu aliyekuwa ameolewa boma la jirani, alisikia akamkanya: "Mwache kaka yangu. Kivuli cha mtu hakitolewi nje; kikipatwa na jambo huko, limempata mwenyewe." Bibi akaendelea. Maji ya tone kwa tone yalitoboa jiwe. Baada ya mavuno babu akasema, "Mleteni huyo mtu, nipate kulala."

Huyo mtu tulimwita Bwana Picha. Alikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Daudi, suruali imebanwa kwa klipu, kamera shingoni, miwani ya jua na huku jua lenyewe halijatoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Alipewa jogoo na fungu la vitunguu saumu kabla hata hajafungua hicho kifuniko chake. Watu walioga, wakapaka mafuta. Bibi akatoa nguo aliyokuwa ameiweka ndani ya sanduku, babu akavaa koti la kanisani. Baba, mama, baba wadogo, kila mtu akasimama mbele ya nyumba.

Isipokuwa mimi. Mbwa wetu alikuwa hataki kuona baiskeli, kwa hiyo niliambiwa nimshike shingo na nikae naye nyuma ya Bwana Picha. Nililia. Bwana Picha akaniambia, "Wewe nitakupiga ya pili." Ya pili haikupigwa, nikueleze kabisa. Basi nikabaki pale na mbwa wangu, na kwa uchungu sikutaka kuwatazama waliopendeza. Nikatazama kamera. Nyuma ya ile kamera, kwenye mlango wake, palikuwa na kidirisha kidogo, chembamba. Bwana Picha alipopiga goti moja kikawa usawa wa macho yangu. Nikachungulia. Nilidhani nitawaona wote mle ndani wakiwa wadogo. Kilikuwa cheusi tii.

Mwanga ukawaka, pwaa! Babu akaruka, akamtukana Bwana Picha kwa Kiiraqw tusi ambalo sitalirudia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Imetoka nzuri," Bwana Picha akasema. "Sasa naipeleka Arusha kusafishwa."

"Kusafishwa nini," bibi akauliza, "wakati tumeoga?"

Wakacheka tena. Hata babu alicheka, nakumbuka kicheko kikigeuka kikohozi. Ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka nyumba ile ikicheka yote kwa pamoja.

Tukasubiri. Kila baiskeli iliyopita bibi alitoka nje. Ukuta uliandaliwa, alipaka udongo mweupe pale mahali, akapigilia na msumari kabisa. Mvua za mwanzo zikakaribia. Siku moja tulikuwa kwenye mashine ya kusaga, mimi na yeye, nani anatokea? Bwana Picha na miwani yake.

Bibi akamsalimia vizuri, akauliza habari za picha. Bwana Picha akakuna shingo. "Pole bibi. Mkanda umeungua."

Sasa ngoja. Mimi na wewe tunajua fundi wa picha akisema mkanda umeungua anamaanisha mwanga umeingia, picha hazikutoka. Hakuna moto hapo. Lakini bibi yangu Kiswahili alikipata kanisani na sokoni, cha kununulia chumvi na kuimbia. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, na kwa Kiiraqw kuungua ni kuungua: moto, moshi, majivu. Niliona uso wake ukibadilika rangi.

"Umeungulia wapi?"

"Kulekule Arusha."

"Wote?"

"Wote bibi. Hakijabaki kitu."

"Majivu yetu yako wapi?"

Yule mtu akacheka. Nisikilize vizuri: akacheka. Mama mzima anamuuliza yalipo majivu ya mume wake na watoto wake, na yeye anacheka, anapanda baiskeli, anakwenda zake. Jogoo wetu alikuwa ameshamla. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba si moto, bibi, ni mwanga. Neno moja! Bibi alijitwika unga, tukapanda kile kilima chote. Alipofika alimweleza babu akiwa jikoni na babu mlangoni. Babu akauliza, "Moto wa nani?"

Mvua zilipokolea, kifua cha babu kikamkaba. Kilikuwa kinamkaba kila mwaka, kila mtu alijua, lakini mwaka ule hakikumwachia. Tulimzika kwenye utelezi, watu wameshikana mikono wasianguke. Na palepale kaburini, mbele ya wazee, Shangazi akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia masikio yanapata moto: "Kaka yangu hakufa kwa kifua. Ameungua. Na aliyempeleka kwenye moto ni mkewe."

Wewe ni wa kwetu, unajua kilichofuata. Nyumba ikiguswa na jambo kama lile, inakaa pembeni. Hakuna aliyekuja kwetu kuomba moto, na sisi hatukuomba kwa mtu. Ng'ombe wetu walipita njia yao. Bibi akipika pombe, anaimwaga mwenyewe. Mimi nilikuwa nikienda kucheza kwa watu, mama wa wenzangu ananitoa karibu na jiko kwa upole, kwa fimbo, kama anavyotolewa kuku. Mwalimu na mke wake tu ndio waliokuja kama kawaida, na mwalimu alijaribu kueleza, lakini akahamishwa mwaka uleule kabla hajasikilizwa. Baadaye wazee wakaitakasa nyumba, na padre akaja akabariki, na majirani wakarudi mmoja mmoja. Shangazi hakurudi. Kwenye kila harusi, kila msiba, alikaa pale bibi anapomwona, akamgeuzia mgongo.

Lakini si hilo linaloniua. Linaloniua ni kwamba bibi aliamini. Mjukuu akipata homa, bibi anasema, "Ni mimi." Ng'ombe akitupa mimba, "Ni mimi." Alikuwa mwanamke wa maneno makali na mizaha, anaweza kumtania paroko, na kwa sababu ya neno moja la mtu wa baiskeli akawa mtu wa kuomba radhi kwa kila kitu. Watoto wachanga wakiletwa kuonyeshwa, hakuwapokea mpaka wawekwe mbali na jiko. Nikikuambia nimekua na hasira, usidhani nimezaliwa nayo.

Kamera yangu ya kwanza niliinunua Endasak, kwa kumbukumbu tu, sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa na mkanda mkuukuu ndani. Nikaigeuza nyuma, na kwenye kidirisha cha mlango nikaona rangi ya njano na maandishi meusi. Nikafungua. Kumbe kile kidirisha kimewekwa ili mpiga picha aone kama mkanda umo! Nikautoa, nikafunga mlango, nikachungulia tena. Cheusi tii. Nikakaa chini kwenye sakafu ya duka, mteja ananiita sikumsikia.

Hakukuwa na mkanda, ndugu yangu. Hakukuwa na kitu cha kuungua. Alikuja kuwasha taa usoni mwa watu, akala jogoo.

Hata hivyo mimi ni mtu wa hasira, si mtu wa kusingizia. Nilijiambia, labda kamera yake ilikuwa tofauti. Ndiyo nikaanza kuzikusanya. Kila moja ina tabia yake. Nyingine hazina kidirisha. Nyingine zisipokuwa na mkanda zinagoma kabisa, bonyeza mpaka kidole kiume. Kwa hiyo ilikuwa lazima niipate ileile, ya kijivu, kifuniko cha kusukuma, mstari mwekundu, niione kwa macho yangu. Na siku niliponunua betri, nikafungua tumbo lake tupu, nikalifunga, nikabonyeza, ikawaka pwaa! mpaka mume wangu akadondosha kikombe. Kidirisha hakina kitu.

"Hasira hasara," mume wangu akaniambia akiokota vigae. "Bibi ameshazeeka. Mwache."

Asubuhi yake nikapanda basi la Mbulu, kisha pikipiki mpaka Nambis.

Nilimkuta bibi ameketi nje kwenye jua dogo la huko, anachambua maharage. Nikamwamkia, shikamoo, akaniitikia, akanipapasa uso kwa sababu macho yamepungua. Nikatuma mtu amwite Shangazi. Mwanzoni akasema anaumwa miguu. Nikatuma tena, nikasema nina habari ya kaka yake. Akaja na fimbo yake, akaketi mbali, mgongo upande.

Nikaitoa kamera. Nikawaeleza taratibu, kwa Kiiraqw, nisiache tundu. Nikafungua mlango wa nyuma. "Shangazi, ingiza kidole." Hakutaka. "Ingiza!" Akaingiza. "Kuna kitu?" Akasema hakuna. Bibi naye akaingiza, akazungusha kidole mle ndani kama anafuta chungu. Hakuna. Nikafunga mbele yao, nikawaelekezea, nikabonyeza.

Ilipowaka, wale wazee wawili walifanya kitu kimoja. Bibi akafunga mdomo na kuvuta kitenge begani. Shangazi akainua kidevu. Hata baada ya yote yale, walijiweka sawa kwa ajili ya picha.

"Imetupiga?" Shangazi akauliza.

"Haijapiga kitu. Na siku ile haikupiga kitu. Hakuna kilichoungua, Shangazi. Hakuna moto. Hakuna aliyempeleka mtu popote."

Shangazi alichora chini kwa fimbo. Kisha akasema, "Basi kilikuwa kifua."

Hivyo tu! Miaka yote ya ujane wa bibi yangu, migongo yote ile aliyogeuziwa, halafu basi kilikuwa kifua. Hakusema pole. Nilisimama nikapiga kelele, sikumbuki yote niliyosema. Nilimtaja yeye, nikamtaja Bwana Picha na mama aliyemzaa, kuku wakakimbia, jirani akatoka kuchungulia.

"Nyamaza," bibi akasema. "Nafikiri."

Nikaketi. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharage.

"Kwa hiyo alipotuambia tusogeleane, alikuwa anajua mle ndani hamna kitu?"

"Alikuwa anajua, bibi."

"Yule mtu alimshika babu yako mkono, akauweka hapa." Akagusa bega lake. "Mbele ya watu wote. Babu yako akauacha. Hata baada ya mwanga kuwaka, aliuacha kidogo."

Sikujua habari hiyo. Sijawahi kuisikia. Nilikuwa nyuma na mbwa, nimenuna, nachungulia kidirisha.

"Miaka yote najua kulikuwa na picha," bibi akasema. "Imeungua, sawa. Mimi ndiye niliyeiunguza, sawa. Lakini ilikuwapo. Ningali naiona. Sasa wewe umetoka Katesh na nauli yako kuja kuniambia haikuwapo."

Nilitaka kusema bibi, nimekuja kukusafishia jina. Nilitaka basi angalau nipate hicho alichonacho yeye, kwa sababu uso wa babu mimi sina; nina kikohozi, nina harufu ya ugoro, nina koti, uso sina. Nikapiga magoti karibu yake nikamuuliza, nikimbembeleza kama mtoto, ulikuwa mkono upi, wa kulia au wa kushoto, na uso wake ulikuwaje, alikuwa anacheka au amekasirika.

"Kaiulize kamera yako," akasema, akarudi kwenye maharage.

Ile nyumba ya udongo haipo, wamejenga ya bati. Studio za kusafishia mikanda zimefungwa, na wanangu ukiwaambia picha inasubiriwa mpaka ipelekwe Arusha wanadhani unawatania. Hayo yaende, sina huzuni nayo. Shangazi siku hizi huja kwa bibi, wanaota jua pamoja, wanaongea mambo yao ya zamani. Mimi nikifika wananyamaza. Nimekwenda Nambis mara kadhaa, nimepeleka sukari, nimepeleka blanketi, nimeuliza kwa upole na nimeuliza kwa kulia. Bado hajaniambia ni mkono upi.